Giants wa 1947: Homurani 221, Nafasi ya Nne

Kila msimu wa besiboli kule Marekani hakosekani shabiki anayelalamika kwamba timu yake inategemea mno homurani. Miaka hii kilio hicho kinasikika sana New York, kwa mashabiki wa Yankees. Mwaka 2024 Yankees waliongoza ligi kuu nzima kwa homurani 237, wakafika fainali za mwaka, zile ambazo Wamarekani bila haya wanaziita World Series, halafu wakafungwa michezo 4 kwa 1 na Dodgers wa Los Angeles. Mchezo wa mwisho walikuwa wanaongoza 5 kwa 0, na homurani tatu walishapiga. Ikaja zamu ya tano. Aaron Judge akaangusha mpira mwepesi wa juu, Anthony Volpe akarusha vibaya, Gerrit Cole akaacha kukimbilia kituo cha kwanza. Zamu inaisha, ubao unasoma 5 kwa 5. Dodgers wakashinda 7 kwa 6, na swali la miaka yote likarudi mezani: hivi timu inaweza kuishi kwa homurani peke yake?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko Yankees hawa. Lina hata kesi yake maarufu, na waliohusika ni majirani zao wa mji uleule, Giants wa New York. Kesi hiyo ilianza 1947 ikaisha 1951, na hukumu yake imewapa kazi wanahistoria na waandishi wa riwaya mpaka leo.

Kwanza maelezo mafupi kwa tuliolelewa na soka. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo (la mti, si lile la chupani). Akiupiga vizuri anakimbia kupitia vituo vitatu mpaka arudi nyumbani alipoanzia, na akifika ni pointi moja. Wachezaji watatu wakitolewa, zamu imekwisha, wanaingia wenzao. Kwa kawaida pointi inatafutwa kwa ushirika: mmoja anafika kituo cha kwanza, wa pili anamsogeza, wa tatu anamwingiza nyumbani. Homurani inafupisha safari yote hiyo. Mpira unavuka uzio, mpigaji anazunguka taratibu bila kufukuzwa na mtu, na kila mwenzake aliyekuwa kituoni anaingia pia. Ukiipiga vituo vikiwa vitupu unapata pointi moja. Ukiipiga wenzako wakiwa vituo vyote vitatu unapata nne. Shika hesabu hiyo, maana tutaihitaji.

Zamani homurani ilikuwa kitu cha bahati. Mwaka 1908 White Sox wa Chicago walipiga tatu tu msimu mzima, naam, timu nzima, tatu, na bado wakaukosa ubingwa wa ligi yao kwa tofauti ya mchezo mmoja na nusu. Mpira mmoja ulitumika mpaka ukawa mchafu na laini, na warushaji waliruhusiwa kuupaka mate. Mambo yalibadilika 1920. Sheria ilianza kuzuia mate, na Agosti mwaka huo Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays, akafariki. Baada ya hapo waamuzi wakawa wanaleta mipira safi mara kwa mara. Mwaka huohuo Babe Ruth, aliyekuwa ametoka kununuliwa na Yankees kutoka Boston, alipiga homurani 54. Ukiwatoa Yankees wenyewe, hakuna timu hata moja katika ligi yake iliyofikisha idadi hiyo. Wazee wa mchezo, Ty Cobb akiwa mbele yao, walinuna. Kwao besiboli ilikuwa akili na miguu, na huyu bonge kaja kuigeuza mashindano ya nguvu. Mashabiki lakini walijaa viwanjani, na atakayejaza viwanja ndiye atakayeamua mchezo uchezweje.

Sasa tuwarudie Giants. Uwanja wao, Polo Grounds, ulikuwa na umbo la ajabu. Katikati uzio ulikuwa mbali sana, zaidi ya mita 140, lakini pembeni ulikuwa karibu kama ua wa jirani: kama mita 85 kushoto na chini ya 80 kulia. Uwanja wa namna hiyo unamshawishi kila mpigaji apige kwa nguvu kuelekea pembeni. Mwaka 1947 Giants walishawishika kweli. Johnny Mize alipiga 51, Willard Marshall 36, Walker Cooper 35, Bobby Thomson 29. Jumla timu ilipiga 221, rekodi ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia. Wakamaliza nafasi ya nne, wameshinda 81 na kupoteza 73.

Waliokuwa juu yao ni Dodgers, wakati huo wakiwa bado Brooklyn, ng'ambo ya mto. Mwaka huo Dodgers walikuwa wamemwingiza Jackie Robinson, mchezaji wa kwanza Mweusi katika ligi kuu za karne ile. Robinson alipiga homurani 12 tu, ila aliiba vituo 29, akaongoza ligi. Kuiba kituo ni kukimbia kabla mpira haujapigwa, ukimtegea mrushaji. Kinachopatikana si kituo tu. Mrushaji anapoteza utulivu, anageuka nyuma kila mara, mwisho anamrushia mpigaji mpira mbovu. Giants hawakuwa na silaha hiyo. Mabonge wao walikuwa wazito, na ukimtoa Larry Jansen, aliyeshinda michezo 21 katika msimu wake wa kwanza, warushaji wao hawakuwa wa kutisha. Pointi walizofunga kwa homurani walizirudisha kwa mlango wa nyuma.

Kocha wao alikuwa Mel Ott, nyota wa zamani wa klabu hiyohiyo, mtu mpole aliyependwa na kila mtu. Mwaka 1946 Leo Durocher, wakati huo kocha wa Dodgers, aliwaambia waandishi maneno ambayo magazeti yaliyafupisha kuwa msemo: watu wema humaliza mkiani. Aliyekuwa anasemwa ni Ott na timu yake. Julai 1948, kwa mshangao wa mji mzima, Durocher akahama Brooklyn akachukua kiti cha Ott. Akaikuta timu ya mabonge, akamwambia mwenye klabu, Horace Stoneham, kwamba hii si timu yake. Akaanza kuibomoa. Cooper akaondoka, Mize akauzwa kwa Yankees. Desemba 1949 Marshall na Sid Gordon, wapigaji wawili wa nguvu, wakapelekwa Boston Braves pamoja na wengine wawili. Walioletwa ni Eddie Stanky na Alvin Dark, wachezaji wa kudaka, kukimbia na kusumbua. Mashabiki wengi waliona ni wazimu.

Kuna sehemu ya mageuzi hayo ambayo simulizi za Durocher huipita haraka. Julai 1949 Giants waliwaingiza Monte Irvin na Hank Thompson, wote Weusi, na Mei 1951 akaja Willie Mays, kijana wa miaka 20. Irvin alikuwa na miaka 30 alipofunguliwa mlango, miaka yake bora mingi ikiwa imeshapita katika ligi za Weusi. Kwa hiyo kusema Giants walipona kwa kuacha homurani ni nusu ya habari. Walipona pia kwa kuacha kuwafungia nje wachezaji waliokuwa bora kuliko wengi wa waliokuwa ndani. Irvin mwaka 1951 aliingiza pointi 121, akaongoza ligi yake.

Tarehe 11 Agosti 1951 Giants walikuwa nyuma ya Dodgers kwa michezo 13 na nusu. Kisha wakashinda 37 kati ya 44 iliyobaki, wakalingana. Ikabidi wacheze michezo mitatu ya kuamua bingwa. Moja kwa moja. Mchezo wa tatu, 3 Oktoba, Polo Grounds, zamu ya tisa, Dodgers wanaongoza 4 kwa 1. Dark akafika kituo cha kwanza. Don Mueller akapiga, akafika. Irvin akatolewa. Whitey Lockman akapiga mpira wa vituo viwili, Dark akaingia, 4 kwa 2. Mueller aliumia kifundo cha mguu akifika kituo cha tatu, Clint Hartung akamkimbilia badala yake. Dodgers wakabadilisha mrushaji, akaingia Ralph Branca. Mpira wake wa pili Bobby Thomson, mmoja wa wachache waliobaki kutoka kikosi cha 221, aliupiga kushoto, kule kwenye uzio wa karibu. Homurani ya pointi tatu. 5 kwa 4. Giants ndio mabingwa.

Hapa ndipo kesi inaponoga. Timu iliyobomolewa kwa kutegemea homurani imepata ubingwa kwa homurani maarufu kuliko zote. Mtetezi wa mabonge atasema: mmeona? Lakini rudi kwenye ile hesabu. Thomson angepiga mpira uleule vituo vikiwa vitupu, ingekuwa pointi moja na Giants wangeenda nyumbani. Ilikuwa tatu kwa sababu wenzake wawili walikuwa wameshafika vituoni kwa mapigo ya kawaida. Na tofauti ilikuwa imebaki mbili kwa sababu Dark, yule aliyeletwa badala ya mabonge, alianzisha zamu.

Waandishi wameshindwa kuiacha siku hiyo. Don DeLillo alifungua nayo riwaya yake kubwa, Underworld, mwaka 1997, akaufuata ule mpira ukipita mikononi mwa watu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2001 Joshua Prager aliandika katika Wall Street Journal kwamba Giants msimu ule waliweka darubini katika chumba chao kule nyuma ya uwanja, wakisoma ishara za wapinzani. Thomson alikana kwamba alitumiwa ishara kwa mpira ule. Hata utukufu, basi, ulikuwa na mkono wa pili.

Mfano mwingine ni fainali za 1982. Brewers wa Milwaukee walikuwa wamepiga homurani 216, Cardinals wa St. Louis 67, idadi ndogo kuliko timu zote za ligi kuu. Wakashinda Cardinals, michezo 4 kwa 3. Ila tusidanganyane: Yankees wa 1961 walipiga 240, rekodi ya wakati huo, wakabeba kombe kwa raha zao. Homurani haijawahi kuwa ugonjwa. Ndiyo pigo lenye faida kuliko yote katika mchezo, na timu isiyoweza kuipiga inateseka.

Gharama yake iko kwingine. Anayepiga kwa nguvu zote anakosa mara nyingi zaidi, na mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, idadi ya wapigaji waliotolewa kwa kukosa mpira ilizidi idadi ya mapigo yaliyofanikiwa. Zamu nzima zinapita mpira haujagusa nyasi. Mdakaji anasimama, anasubiri, na siku mpira ukimfuata, kama ulivyomfuata Judge, unamkuta hayupo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Yankees wanategemea mno homurani, jibu langu ni kwamba 237 si nyingi mno. Walichokosa usiku ule ni kudaka, kurusha na kukimbilia kituo cha kwanza, na hakuna mpigaji, awe Ruth au Judge, anayeweza kuyafidia hayo kutoka upande wa pili wa uzio.