Baraza la Mafundi Wastaafu wa Kigamboni

Waandishi wa historia ya Dar es Salaam wana desturi ya kuvuka maji kwenda Kigamboni ili wapate kuutazama mji vizuri kutoka ng'ambo, kisha hurudi mjini wakaandika. Hutueleza habari za Sultani Majid wa Unguja aliyeanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, na habari za Wajerumani waliohamishia hapa makao ya serikali yao mwaka 1891. Kigamboni yenyewe hupewa mistari miwili: pahali pa wavuvi na minazi. Mimi pia nimepata kuandika hivyo. Makala haya ni malipo ya sehemu ya deni lile.

Mabaraza ni mengi upande ule. Nitakalolieleza lilikuwa chini ya mkungu, si mbali na kivuko: mabenchi mawili ya mbao na gogo moja la mnazi. Nilianza kuketi hapo mwaka 2016. Waliokutana kila siku baada ya sala ya alasiri walikuwa wazee waliomaliza kazi zao, na karibu wote walikuwa mafundi. Sitawataja majina, nitawaita kwa kazi zao, kama walivyoitana wenyewe. Palikuwa na Mzee wa Mafuta, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kusafishia mafuta tangu ujana wake. Palikuwa na Baharia, mzaliwa wa Unguja. Palikuwa na Fundi Moto, aliyeishi kwa kuchomelea vyuma, na Fundi Redio, ambaye mkoba wake wa bisbisi na koleo haukuachana naye hata msikitini. Wa tano alikuwa Mwalimu, ambaye hakuwa fundi wa kitu, lakini alivumiliwa kwa sababu alijua hesabu.

Muuza kahawa alipita na birika lake na vikombe, kashata zikatolewa, na mazungumzo yakaanza pasipo mtu kuyafungua. Siku moja yalikuwa juu ya bei ya samaki, siku ya pili juu ya vita vya mbali, siku ya tatu juu ya msumeno usiokata. Mgeni angedhani wazee hawa walikuwa wanapoteza wakati. Wao walikuwa na wakati wa kupoteza, ndiyo maana ya kustaafu. Lakini hawakupoteza sana.

Baraza ni la kale kuliko gazeti. Zamani habari ilikuja na msafiri, naye aliyeshuka chomboni ndiye aliyekuwa mkubwa wa mazungumzo siku ile, kwa kuwa hapana aliyeweza kumsahihisha. Lilipoanza gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, ukubwa ule ukahamia kwa ajuaye kusoma: mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza. Kisha ikaja redio. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957. Kwa maoni yangu redio ilibadili baraza kuliko gazeti lilivyofanya, kwa maana sasa wote walisikia neno moja kwa wakati mmoja, na ubishi ukawa juu ya maana ya neno, si juu ya kama limesemwa.

Redio ilileta pia ubishi wa vifaa. Betri zilikuwa ghali, na watu wakawa wanazianika juani zikichoka, ili ziseme tena jioni. Jambo hili nililikuta bado linabishaniwa. Baharia alishikilia kwamba jua hujaza betri. Fundi Redio alikataa: betri ile ikiisha imekwisha, na joto haliirudishii kitu, ila huharakisha mabaki ya dawa iliyomo ndani yake, kama mtu apuliziavyo makaa yanayozimika. Yakawaka kidogo, hayakuongezeka. Mfano huu aliutoa mbele yangu pasipo kitabu chochote, na sijaona kitabu kilichousema vizuri zaidi.

Ubishi mwingine wa miaka mingi ulikuwa juu ya mwezi. Wazee hawa walikuwa vijana katika miaka ile ambayo mbingu zilikuwa habari ya kila siku. Baharia aliona kwa macho yake kituo cha Wamarekani huko Tunguu, Unguja, kilichojengwa mwaka 1960 kwa ajili ya kufuatia vyombo vyao vya anga. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo kile kilikuwa miongoni mwa vilivyosikilizana naye. Wapo watu wa Unguja waliokishuku kituo hicho, wakidhani ni silaha. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 kiliondolewa, mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Basi iliposemwa Julai 1969 kwamba watu wamekanyaga mwezi, Baharia hakuona ajabu. Alikuwa amekwisha ona antena.

Fundi Moto hakusadiki mpaka uzee wake. Hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo. Alisema: “Mwatuambia kwamba mwezi huvuta bahari, ndipo maji yakajaa. Mbona hauvuti maji ya mtungi wangu?”

Nilicheka, nami nikajuta, maana sikuwa na jibu. Mwalimu ndiye aliyekuwa nalo, akalichora mchangani kwa kijiti. Mwezi, alisema, huvuta kila kitu, na mtungi umo. Lakini maji hayainuki kwa kuvutwa tu, huinuka kwa kutofautiana kwa mvuto. Bahari iliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na kitovu huvutwa zaidi kuliko bahari ya upande wa pili. Hivyo maji hufura pande zote mbili, na kwa hiyo hujaa mara mbili kwa siku, si mara moja. Katika mtungi, ukingo huu na ukingo ule vina umbali mmoja hasa na mwezi. Hapana tofauti ya kuonekana. Fundi Moto alinyamaza kitambo, akauliza tena: kwa nini basi kesho maji huchelewa? Baharia akamjibu kabla ya Mwalimu: kwa sababu mwezi nao umekwenda mbele, na dunia haina budi kuufuata, huchelewa karibu dakika 50. Hakujifunza haya shuleni. Alikuwa akihesabu umri wa mwezi kwa vidole, na kwa hesabu ile alitaja siku za bamvua na siku za maji mafu pasipo kukosea.

Hawakuridhika na maneno. Walikwenda ufukweni wakachimbia mti wenye alama za kisu, wakatazama maji wakati wa bamvua, wakatazama tena wiki moja baadaye. Katika bamvua bahari ya hapa hupanda na kushuka kiasi cha mita tatu; katika maji mafu ni kidogo mno. Fundi Moto aliukubali mti wake, ila habari ya watu kukanyaga mwezi hakuikubali. Wenzake walimwacha hivyo hivyo. Baraza halina kura.

Mwaka ule ule wa 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipatwa. Huko Rujewa, Mbeya, watu waliona pete kamili. Dar es Salaam sehemu tu ya jua ndiyo iliyofunikwa. Vijana walimjia Fundi Moto wakitaka kuazima kofia yake ya kuchomelea watazamie. Akawanyima kwa ukali. Kioo chake, alisema, kilikuwa cha moto wa chuma, si cha jua. Kwa jua hutakiwa kioo cha namba 14, naye hakuwa nacho. Vijana walimwona mchoyo. Karibu na saa sita mchana Mwalimu alituambia tuangalie chini. Mianya iliyo kati ya majani ya mkungu huangusha mchangani mviringo wa jua, nasi hatuutambui kwa kuwa tumeuzoea. Siku ile kila mviringo ulikuwa hilali. Zilikuwa nyingi zisizohesabika, juu ya mchanga, juu ya mabenchi, juu ya kanzu za wazee. Fundi Moto alinyosha kiganja chake akaikinga moja, akaitazama muda mrefu.

Sasa nifike kwenye mafuta, ambayo ndiyo yaliyoniwajibisha kuandika.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao peke yao. Jambo hili lilisemwa Salisbury, lakini Kigamboni ililipokea kama mzigo wa kubebwa. Zambia haina pwani, na mafuta yake yalipitia Rhodesia. Njia ile ilipofungwa, mapipa yakaanza kwenda kutoka Dar es Salaam kwa ndege, na kwa malori katika barabara ya udongo ambayo madereva waliiita njia ya jahanamu. Tanzania ilivunja uhusiano wake na Uingereza Desemba ile kwa ajili ya Rhodesia. Mwaka 1966 kiwanda cha TIPER kikaanza kusafisha mafuta hapa Kigamboni. Kilijengwa na Waitalia wa kampuni ya ENI, na baadaye serikali ikawa mbia wa nusu kwa nusu. Kisha likalazwa bomba, kutoka hapa hadi Ndola, kilomita 1,700 hivi, lenye kipenyo cha inchi 8 mahali pengi na inchi 12 mahali pengine. Lilifunguliwa mwaka 1968. Kampuni yake ikaitwa TAZAMA, jina lililoungwa kwa vipande vya Tanzania, Zambia na mafuta. Aliyeliunga alikuwa na masikio mazuri.

Haya niliyaandika katika makala, nikayaleta barazani niwasomee, kwa majivuno kidogo. Nilipofika pahali niliposema kwamba tangu mwaka 1968 bomba lilipeleka mafuta ghafi Ndola, Mzee wa Mafuta aliinua mkono.

“Mwanangu, hayo mafuta ghafi yangekwenda kufanya nini Ndola mwaka huo? Yangepikiwa wapi?”

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama amwelezavyo mwanafunzi asiye na kosa ila uvivu. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Ndola, yaani Indeni, kilianza kazi mwaka 1973. Kabla yake bomba lilipeleka mafuta yaliyokwisha safishwa, tayari kutiwa katika gari. Mafuta ghafi yalifuata baadaye. Nilikuwa nimesoma hali ya miaka ya baadaye nikairudisha nyuma, kosa ambalo wanahistoria huwalaumu wengine kila siku.

Nikamwuliza mtu ajuaje kilichomo ndani ya bomba lililofukiwa. Ndipo alipotuma mjukuu wake nyumbani, akaletewa kitu kilichofungwa katika kitambaa: kipimo cha kioo, kirefu kama kalamu, chenye tumbo la risasi chini na mistari juu. Hutiwa katika mafuta, nacho huelea. Katika mafuta mazito hujitokeza sana. Katika mepesi huzama. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, mafuta ya taa 800, dizeli 840. Mafuta ya namna mbili yakifuatana katika bomba moja hayana ukuta baina yake; huchanganyika mahali yagusanapo, na mtu aliye mwisho wa bomba hana budi kuchota na kupima, kuchota na kupima, mpaka mstari uhame. Mchanganyiko ule hutengwa katika tangi lake. Akisahau, dizeli huingia katika tangi la mafuta ya taa, au, vibaya zaidi, petroli huingia humo, na taa ya mama fulani hulipuka usiku. “Rhodesia,” alisema, “sisi tuliisoma kwenye mistari hii.”

Sijapata kuona katika maktaba karatasi isemayo hivyo. Zipo mikataba, zipo hotuba, zipo hesabu za tani. Lakini ni nani aliyesimama akichota, na aliogopa nini, hayo yalikuwa katika benchi lile la mbao. Nilimwahidi mzee kwamba ningekuja na daftari niandike maneno yake yote kwa utaratibu, tangu siku ya kwanza ya kazi hadi kiwanda kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 1999 kikabaki na matangi ya kuhifadhia. Nikaahirisha mara ya kwanza kwa sababu ya mitihani ya wanafunzi, na mara ya pili kwa sababu isiyokumbukika. Daraja la Kurasini lilikuwa limekwisha funguliwa tangu Aprili 2016, mita 680 juu ya maji. Njia haikuwa ndefu tena. Alifariki kabla sijafika.

Kiwanda cha Ndola kilisimama mwishoni mwa mwaka 2021, na mwaka 2023 bomba likabadilishwa, likaacha mafuta ghafi na kuanza kupeleka dizeli iliyo safi. Baraza lilikuwa limebaki na watu watatu. Fundi Redio ndiye aliyeniambia habari hiyo, akasema kwamba bomba limerudi kwenye kazi yake ya mwaka 1968, kama marehemu alivyotusahihisha. Kisha akauliza kile kipimo cha kioo kiko wapi. Mjukuu yupo, nilimfuata Mjimwema nikamkuta. Anacho. Alikuwa amekiweka juu ya kabati, bado kimo katika kitambaa kile kile, wala hakujua ni cha nini. Tukatia mafuta ya taa katika chupa ndefu, tukakiacha kielee, nikamwonyesha mahali pa kusoma.