Mnyama Aliyekuwapo Siku Zote

Kwetu twamwita kirukanjia: mnyama mdogo mwenye pua ndefu na harufu mbaya, ambaye watoto humdhania panya. Si panya, chakula chake hasa ni wadudu. Nilifundisha hayo kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, nisijue kwamba ndugu yake wa misitu ya kaskazini angekuja kunisuta uzeeni.

Ndugu huyo huishi Amerika ya Kaskazini, toka Alaska na Kanada hadi milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Wataalamu humwita Sorex hoyi. Uzito wake ni gramu 2 hadi 4, kiasi cha kijiko kimoja cha sukari au pungufu. Hukaa chini ya majani makavu, magogo yaliyooza na kandokando ya vinamasi. Wakati wa baridi kali halali kama wanyama wengine wafanyavyo. Huhangaika chini ya theluji usiku na mchana, maana njaa ya saa chache humuua.

Spencer Baird alimweleza mwaka 1857 kwa kielelezo kilichotoka Racine, Wisconsin, akampa jina kwa heshima ya Philo Hoy, daktari wa mji huo. Mwaka 1910 Edward Preble akaeleza jamii yake ndogo zaidi, iliyopatikana Virginia karibu na mto Potomac. Lakini kwa miaka mingi vitabu vilimwandika kuwa mnyama adimu sana.

Kumbe tatizo lilikuwa mtego. Mtego wa kufyatuka humngoja mnyama akanyage au avute chambo, na huyu ni mwepesi mno. Hupita juu yake salama. Watafiti walipozoea kufukia makopo ardhini, midomo ikiwa sawa na udongo, alianza kutumbukia mwenyewe, hata mahali ambapo hakudhaniwa kuwapo. Sisemi kwamba amejaa kila pahali. Mara nyingi nduguze wakubwa bado humzidi kwa wingi. Ila sehemu kubwa ya uadimu wake ilikuwa udhaifu wa mtego.

Niliposoma hayo nilikifunga kitabu. Nilimkumbuka mwanachuo mmoja wa mwaka 1987, kijana mkimya, mwenye sauti ndogo. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa lake na fomu ya ukaguzi mkononi. Ilikuwa na nafasi ya sauti, ya matumizi ya ubao na ya nidhamu ya darasa. Alipata alama hafifu kote. Mwalimu mwenye darasa aliniambia mlangoni kwamba watoto watatu waliokuwa hawajui kusoma sasa wanasoma, kwa sababu kijana yule alikuwa akibaki nao jioni. Nilimshukuru, nikatazama fomu. Haikuwa na nafasi ya habari hiyo, nami sikuiandika. Katika kikao nikasema hafai kuwa mwalimu. Neno la mkuu wa chuo halikupingwa. Alifungasha, akaondoka, wala sikumwona tena.

Ndugu msomaji, ukiambiwa kwamba kitu fulani hakipo, uliza kwanza kilitafutwa kwa mtego gani. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuuliza, tena niliambiwa mlangoni, na sikuuliza.