Mvita ya Kale na Mvita ya Leo

Msomaji mpenzi, mtu akitaja mji wa historia katika nchi yetu, fikira za wengi hukimbilia pwani. Kijana wa Kibera au wa Kawangware hudhani kuwa historia ni mali ya watu wa Mombasa na Lamu, na kwamba fungu lake yeye ni kulipa nauli, kwenda kuitazama, na kurudi nyumbani mahali pasipo na kisa. Dhana hiyo haina budi kupimwa. Nilikwenda Mombasa mara ya kwanza nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, katika gari moshi la zamani lililosafiri usiku kucha na kuingia kisiwani asubuhi. Juzi nimerudi nikiwa mwalimu, kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo mwisho wake ni Miritini, nje ya kisiwa. Njoo tutazame pamoja yaliyopita na yaliyopo, kisha tujiulize ni kitu gani hasa kinachoufanya mji uitwe wa kale.

Jina la asili la kisiwa hiki ni Mvita. Masimulizi ya wenyeji humtaja malkia Mwana Mkisi kuwa mwanzilishi wa mji, na baada yake Shehe Mvita, ambaye jina lake halijatoka vinywani mwa watu hadi leo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wa kisiwani hawakulima nafaka bali waliletewa kutoka bara, kwamba chakula chao kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ufundi mkubwa. Kumbuka neno hilo, mbao. Mji huu uliosifika haukuanza na mawe makubwa.

Vasco da Gama alitia nanga hapa mwezi wa Aprili 1498, naye hakupata urafiki. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka mji, wakaupora na kuuchoma moto. Wenyeji wakajenga upya. Mwaka 1528 Wareno wakaja tena na Nuno da Cunha, wakaushika, na kabla ya kuondoka mwaka uliofuata wakauteketeza mara nyingine. Wenyeji wakajenga upya. Ndipo mwaka 1593 Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, kwa ramani ya Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati, ili wasiondoke tena.

Lakini kuta nene hazikuwapa raha. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno wenyewe walimlea na kumbatiza huko Goa, aliwaasi na kuitwaa ngome. Walipoirudia, wakazingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Maradhi yaliwamaliza Wareno waliokuwa ndani, na kwa muda walioilinda ngome ile walikuwa Waswahili wa Faza pamoja na kiongozi wao, Daudi. Je, ni wangapi kati ya wanaopiga picha langoni wanaolijua jambo hilo? Baadaye wakatawala Mazrui, hata mwaka 1837 Seyyid Said wa Unguja alipoushika mji. Kuanzia mwaka 1895 Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza, nayo ikabaki hivyo hadi 1958, ilipowekwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Sasa ni makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Na hali ya leo? Ukitoka ngomeni ukashika Ndia Kuu, utaona roshani za mbao na milango ya nakshi, na kati yake nyumba mpya za saruji zilizosimama mahali pa nyumba za matumbawe na boriti za mikoko. Kuna nyumba zilizotengenezwa vizuri. Kuna nyingine zinazobomoka kimya kimya. Msikiti wa Mandhry, uliojengwa katika karne ya 16, bado unaswaliwa. Bandari ya Kale, ambamo zamani majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalisongamana, imetulia, kwa kuwa meli kubwa huingia Kilindini upande wa pili wa kisiwa, na mizigo imo ndani ya makontena. Tangu safari yangu ya kwanza maduka ya watalii yameongezeka, na baadhi ya mafundi niliowaona wakichonga mbao sikuwakuta.

Sasa tupime. Mji uliochomwa mwaka 1505 na tena mwaka 1529 haungalikuwapo leo kama uzee wa mji ungalikuwa katika kuta zake. Misikiti ya mbao aliyoiona Ibn Battuta haipo. Ulisalia kwa sababu watu walirudi palepale penye majivu, wakayaita mahali kwa majina yaleyale, wakawasimulia watoto wao. Ngome imesimama, lakini walioijenga wamekwenda. Waliochomewa nyumba, wazao wao wapo. Jiwe hukaa, ila halijui kusema. Anayesema ni mtu.

Ikiwa ndivyo, msomaji wa Kawangware, geuka utazame ulipo. Dagoretti yako ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda. Hapo wasafiri walinunua chakula kwa Wakikuyu. Lugard alijenga boma Dagoretti mwaka 1890 baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga. Mapatano yakavunjika, na mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa kuelekea pwani, akafa njiani na kuzikwa Kibwezi. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Na mwaka 1905 Nairobi ikachukua nafasi ya Mombasa kuwa makao makuu ya serikali.

Na wewe wa Kibera, je? Jina la mtaa wako latokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa nafasi humo wakae na jamaa zao. Mwaka 1918 eneo lao lilipimwa likawa ekari 4,198 hivi, lakini hawakupewa hati. Walijenga, walizika, walizaa, na kwa muda wa miaka mingi waliitwa wapangaji wa serikali katika ardhi waliyoifyeka. Hati ya jamii ya Wanubi ilitolewa mwaka 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, matingatinga yalipita Kibera kufungua barabara. Nyumba na shule zikaanguka, wala hakuna orodha ya dunia iliyozikinga.

Hapa ndipo tofauti ilipo baina ya Mvita na Kibera. Si kwamba mmoja una historia na mwingine hauna. Mmoja umeandikwa, na ulioandikwa hulindwa. Mwingine bado umo vifuani mwa wazee, na mzee hufa. Wanubi walipodai haki yao walihitaji kuthibitisha nani alikaa wapi, tangu lini, na kwa idhini ya nani. Kumbukumbu ilikuwa silaha yao.

Basi nenda Mombasa ukipata nafasi, uone ngome, upite Ndia Kuu, ule mahamri ukitazama bahari. Lakini kabla ya safari hiyo chukua daftari, umwendee bibi au babu wa jirani, umwamkie kwa adabu, umwulize: mahali hapa paliitwaje kabla ya jina hili? Nani alijenga kwanza? Kisima kilikuwa wapi, na makaburi yako wapi? Andika jibu lake pamoja na mwaka na jina lake. Shehe Mvita anakumbukwa kwa sababu wapo waliolitunza jina lake. Mtaa wako nao unamngoja wa kuutunza.