Jirani wa Pua

Pua na jicho vimetenganishwa na ukuta wa mfupa ambao unene wake haufiki hata milimita moja. Upande wa pua ndiko viliko vyumba vidogo vya hewa, yaani sinasi, vya mfupa wa ethmoidi, vinavyojaa usaha na vinyama kwa mtu mwenye uvimbe sugu wa sinasi. Juu ya vyumba hivyo ni sakafu ya ubongo. Harris Mosher wa Boston, aliyeeleza mwaka 1912 namna ya kuvisafisha kwa kupitia puani, alikiri mwaka 1929 kwamba kazi inayoonekana nyepesi kwa maelezo ni njia rahisi mno ya kumuua mgonjwa. Haishangazi kwamba wengi waliikwepa. Waliothubutu walitegemea taa ya kichwani, na mara nyingi mkono ulitangulia jicho.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya vioo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins alibuni darubini nyembamba yenye fimbo za kioo ndani, na Karl Storz wa Ujerumani akaitengeneza kwa ajili ya madaktari. Huko Graz, Austria, Walter Messerklinger aliitumia kufuatilia safari ya kamasi. Aliona kwamba vinyweleo vya ndani huisukuma kuelekea mlango wa asili wa sinasi, hata pale daktari alipotoboa mlango mwingine kando. Basi kazi ikawa kuzibua mlango uleule. Heinz Stammberger wa Graz na David Kennedy wa Baltimore, Marekani, waliueneza upasuaji huo kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na madaktari wakaupokea kwa shauku.

Lakini kuona vizuri si kujua ulipo. Darubini hukuza kilicho mbele na kuficha kilicho pembeni, na damu kidogo tu huziba kila kitu. Mwaka 1987 James Stankiewicz, daktari wa eneo la Chicago, alichapisha madhara yaliyowapata wagonjwa wake mwenyewe. Katika wagonjwa wake 90 wa mwanzo, asilimia 29 walipata madhara, makubwa kwa madogo. Katika 90 waliofuata, aliowaripoti baadaye, asilimia 2.2. Mwaka 1989 aliandika pia kuhusu upofu. Wenzake wangapi walikuwa na hesabu kama hizo mezani wakazinyamazia? Kwangu mimi, kurasa zile chache zimeokoa macho mengi kuliko mashine kadhaa zilizokuja baadaye.

Upofu una njia mbili kuu. Ya kwanza ni kugusa neva ya jicho yenyewe, ambayo kwa baadhi ya watu hupita ndani ya chumba cha nyuma cha ethmoidi kilichoelezwa na Adolf Onodi wa Budapest mwanzoni mwa karne ya 20. Ya pili ni ateri ndogo ya ethmoidi: ikikatwa hujivuta nyuma ya jicho na kuendelea kuvuja huko. Jicho hutokeza, huwa gumu, damu haifiki kwenye retina. Majaribio ya nyani yaliyochapishwa mwaka 1980 yalionyesha kwamba retina huvumilia hali hiyo kwa dakika zipatazo 100 tu. Hapo daktari hangoji picha: hukata kona ya nje ya kope na kano yake ili jicho lipate nafasi.

Ndiyo maana macho ya mgonjwa huachwa bila kufunikwa wakati wa upasuaji. Stankiewicz alifundisha pia kulibonyeza jicho taratibu huku ukitazama kupitia darubini. Ukuta ukitikisika, umeshatoboka. Picha za CT husomwa kabla ya kisu kushikwa.

Katika miaka ya 1990 kilikuja kisu kinachozunguka na kunyonya kwa wakati mmoja. Husafisha vinyama haraka ajabu. Kikipenya ukuta ule, hunyonya mafuta yanayolizunguka jicho, kisha msuli unaoligeuza kuelekea puani, na kuusaga kabla daktari hajainua mguu kwenye pedali. Mgonjwa huzinduka akiona kila kitu viwili viwili, na msuli uliosagwa hivyo ni mgumu kuushona. Wengine hufanyiwa upasuaji wa macho zaidi ya mara moja na bado hawaoni sawasawa wanapotazama upande huo.