Barua Pepe za Bure Zilipotiwa Bei

Tarehe 17 Julai 2002, katika mkutano wa wapenzi wa kompyuta za Macintosh mjini New York, Steve Jobs alipanda jukwaani na, baada ya kuzisifu bidhaa mpya za kampuni yake kwa ule ufasaha aliojulikana nao, akatoa tangazo lililowachoma wengi: huduma ya iTools, ambayo tangu Januari 2000 ilikuwa ikimpa mwenye kompyuta ya Apple anwani ya barua pepe iishiayo kwa mac.com pasipo kutoa hata senti moja, ilikuwa imefikia ukomo wake, na mahali pake pangeshikwa na huduma iitwayo .Mac, kwa ada ya dola 99.95 kwa mwaka. Wenyeji wa iTools walipewa muhula hadi tarehe 30 Septemba, pamoja na ihsani ya kulipa nusu ya ada katika mwaka wa kwanza.

Kampuni haikukosa hujja. Kampuni za intaneti zilikuwa zimeanguka vibaya miaka miwili nyuma, fedha za matangazo zilikuwa zimepungua, na Yahoo nayo, mwezi wa Aprili mwaka huohuo, ilikuwa imeanza kuwatoza dola 29.99 kwa mwaka wale waliopenda kuzivuta barua zao hadi katika programu za kompyuta zao wenyewe badala ya kuzisoma katika tovuti yake. Lakini hujja ya mwenye duka aghalabu haimtulizi mnunuzi. Wateja wa Apple walinung'unika kwamba kwao hao iTools haikuwa sadaka hata kidogo, maana walikwisha kununua kompyuta kwa bei ya juu, na anwani ile walihesabu kuwa sehemu ya walicholipia. Kufikia katikati ya Septemba Apple ilitangaza kwa fahari kwamba waliokubali kulipa wamepita 100,000. Ilhali waliokuwa wamejiandikisha iTools walikuwa zaidi ya milioni 2, yaani katika kila watu ishirini, kumi na tisa hivi walikuwa bado hawajafungua mkoba, ijapokuwa yamkini baadhi yao walikwisha sahau kwamba wana anwani hiyo. Apple haikurudi nyuma. Anwani za bure hazikurejea kwake mpaka Oktoba 2011, ilipofungua iCloud.

Katika kipindi hicho mambo yaligeuka. Tarehe 1 Aprili 2004 Google ilileta Gmail yenye nafasi ya gigabaiti 1, wakati ambapo Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 tu kwa asiyelipa, na watu wakazoea kuamini kwamba barua pepe, kama hewa, haina bei. Mwezi wa Februari 2006 kampuni hiyo ikaanza kujaribu, kwa kuanzia na San Jose City College huko California, mpango wa kumwezesha mtu kutumia mitambo ya Gmail kwa jina lake mwenyewe: ukinunua jina la kikoa, Google itapokea na kutunza barua zako bila ijara. Iliahidi pia kwamba wale watakaoingia wakati wa majaribio hawatatozwa kamwe kwa watumiaji waliokubaliwa wakati huo, maadamu huduma yenyewe ingali ikitolewa. Ahadi ni deni, lakini mdeni huyu alikuwa ameandika udhuru wake ndani ya hati ileile ya deni.

Mlango ukafungwa kidogo kidogo. Mwaka 2011 wageni wapya wa mpango wa bure walipunguziwa idadi ya watumiaji hadi 10. Desemba 2012 mpango ukafungwa kabisa kwa wapya, na wa zamani wakaachwa walivyo. Kisha, tarehe 19 Januari 2022, wakaarifiwa kwamba wachague mpango wa kulipia kabla ya Mei 1, la sivyo watahamishiwa huko, na ambaye hatakuwa ameweka njia ya malipo kufikia Julai 1 akaunti zake zitasimamishwa.

Waliopiga kelele zaidi si mabepari wenye maduka, bali akina baba na akina mama waliosajili jina la ukoo wao na kuwagawia anwani wazazi, watoto na shangazi. Mpango wa bei ya chini kabisa ulikuwa dola 6 kwa kila mtu kwa mwezi, kwa hiyo aila ya watu sita ilidaiwa dola 432 kwa mwaka, na hiyo ni kwa ajili ya bibi anayepokea picha za wajukuu. Hata hivyo, ukisikiliza manung'uniko yao kwa makini, bei haikuwa kiini cha ghadhabu. Barua zenyewe zahamishika: mtu hubadilisha rekodi ya MX ya kikoa chake, ile inayoiambia intaneti barua zipelekwe kwenye seva ipi, na baada ya saa kadhaa zinaanza kuingia kwa mtunzaji mwingine. Lakini filamu, vitabu na programu za simu zilizonunuliwa kwa fedha halali miaka yote hiyo vilifungamanishwa na akaunti ileile, wala havikuwa na njia ya kuhamishiwa akaunti nyingine. Hali yao ilikuwa ya mtu aliyeachiwa kiwanja bure naye akapanda minazi: siku mwenye ardhi anapodai kodi, ugomvi mkubwa ni wa minazi.

Google iliyumba. Kabla ya Januari kwisha ilisema itatafuta njia ya kuvisalimisha vilivyonunuliwa, lakini pasipo barua za kikoa cha mtu mwenyewe, jibu ambalo kwa rai yangu liliongeza moto, kwa kuwa liliwapa watu kila kitu isipokuwa jina lao. Tarehe zikasogezwa, na mwezi wa Mei kampuni ikasalimu amri: atumiaye akaunti kwa mambo ya nyumbani, si ya biashara, angeweza kubaki bure na jina lake, mradi atamke hivyo kwa kubonyeza kitufe kabla ya Juni 27. Wenye biashara ndogo, fundi wa bomba mwenye watumishi watatu, hawakupata msamaha.

Rehema hiyo iliwakuta wengine wamekwisha ondoka. Kulikuwa na Zoho ya India, na Fastmail ya Australia, ambayo imekuwa ikitunza barua pepe tangu 1999. Na kulikuwa na mlango mwingine, uliofunguliwa mwaka 2021, ambako mtu aliweza kuleta kikoa chake na kukitumia pamoja na jamaa zake kwa kuanzia dola 0.99 kwa mwezi. Mwenye mlango huo ni Apple.