Hakuna Jeshi Kali: Historia Fupi ya Kushambulia Katika Clash of Clans

Kila wiki lazima mtu aniandikie: "Buda, nipe jeshi kali la TH11." Hakuna salamu, hakuna habari ya jana. Anataka linki ya jeshi, aibonyeze, ashinde, alale. Jibu langu huwa halimfurahishi: jeshi kali halipo. Kuna jeshi linalojibu kijiji fulani, katika mwaka fulani, kwa bei fulani. Ili uelewe hilo lazima ujue tulikotoka, kwa hivyo leo ni historia. Weka chai.

Enzi za wizi

Clash of Clans ilitoka Agosti 2012, kazi ya kampuni ya Supercell ya Helsinki, Finland. Mwanzoni ilikuwa ya wenye iPhone na iPad peke yao. Ilifika Android Oktoba 2013, na hapo ndipo wasee wengi wa huku tulipoingia, maana wangapi kwetu walikuwa na iPad?

Siku hizo hakukuwa na vita vya klani. Ulishambulia kwa sababu moja tu: kuiba. Dhahabu na yale maji ya zambarau, eliksa. Shida ni kwamba hata kuiba kulikuwa na gharama. Kila mpiganaji ulimnunua kwa eliksa na ukamsubiri atoke kambini. Mpiga panga mmoja alichukua sekunde 20. Joka moja lilichukua nusu saa. P.E.K.K.A. mmoja, dakika 45. Ukijaza kambi na majoka, unashambulia mara moja, kisha unaenda kuoga, kula, kulala, ukirudi bado hawajaisha kutengenezwa. Na kama umeshambulia vibaya, eliksa uliyoiba haifikii hata ile uliyotumia. Hasara tupu.

Kwa hivyo watu wakapiga hesabu, na hesabu ikazaa Barch. Hilo jina ni majina ya Kiingereza ya wapiga panga na wapiga mishale yaliyobanwa pamoja. Jeshi la bei rahisi kabisa, la watu dhaifu kabisa, lakini kambi inajaa haraka. Ujuzi wake haukuwa kwenye jeshi, ulikuwa kwenye macho. Ulipita vijiji kumi, ishirini, ukitafuta kile ambacho mwenyewe amekihama na visima vyake vimejaa nje ya ukuta. Ukikipata, unawatawanya wapiganaji kama mtu anayepanda mbegu, watano hapa, watano pale, kwa sababu ukiwarundika pamoja kombora moja linawamaliza wote.

Walinzi nao walikuwa na ujanja wao. Wengi waliweka jumba kuu, hilo tunaloliita TH, nje ya ukuta kabisa! Mgeni akiona mchezo huo leo atadhani ni wazimu. Kumbe sheria ya wakati huo ilisema ukivunjiwa jumba kuu unapewa ngao ya saa 12. Kwa hivyo unamwachia mpita njia alivunje, anachukua vikombe vyake, na dhahabu yako inabaki salama mpaka asubuhi.

Kumbuka hilo. Barch haikuzaliwa na mtu mwenye akili ya kivita. Ilizaliwa na bei.

Aprili 2014: nyota zikaanza kuhesabiwa

Halafu vikaja vita vya klani. Kila mtu mashambulizi mawili, siku moja ya kujiandaa, siku moja ya kupigana. Dhahabu ikawa si hoja. Hoja ikawa nyota: moja kwa kuvunja asilimia 50 ya kijiji, moja kwa jumba kuu, na ya tatu kwa kufagia kila kitu. Dakika tatu tu.

Barch ikafa ghafla kwenye vita. Wizi ulikuwa wa pembeni, sasa ulitakiwa kuingia katikati. Na hapo ndipo wengi waligundua jambo ambalo mpaka leo linamwangusha kila anayeanza: wapiganaji wengi wa gemu hii hawaendi katikati. Wanaenda kwa jengo lililo karibu. Ukimwachilia P.E.K.K.A. mbele ya kijiji kilichozungukwa na vibanda, atakizunguka kijiji chote akivunja vibanda kama kondakta anayetafuta abiria, na kule katikati mizinga inamcheka.

Dawa yake ni ile tunayoiita kufungua mlango. Chukua GoWiPe, jeshi lililotamba kwenye vita vya mwanzo. Kambi za TH9 zinabeba nafasi 220. Golem anakula nafasi 30, P.E.K.K.A. 25, mchawi wa moto 4. Ukipanga Golem 2, P.E.K.K.A. 3, wachawi 16, wavunja kuta 5 na wapiga mishale 11, umefika 220 kamili. Golem wanatangulia, mmoja kushoto na mmoja kulia, wanakula mizinga. Wachawi nyuma yao wanafagia majengo ya pembeni. Pembeni kukishakuwa tupu, jengo la karibu lililobaki ni lile la ndani. Sasa ndipo unawaachilia P.E.K.K.A. Hujawaamuru waingie katikati. Umewanyima pa kwenda kwingine.

Kila mbinu kubwa iliyofuata imesimama juu ya wazo hilo.

Sambamba na GoWiPe walikuwepo wapanda nguruwe. Hawa ukuta wanauruka, na wanakimbilia silaha za ulinzi moja kwa moja. Ukiwatupia na dawa ya uponyaji juu, kijiji kinaanguka huku mwenyewe anatazama. Kwa muda ilionekana hakuna jibu. Jibu likapatikana kwa mabomu makubwa ya ardhini: unaacha kijinafasi katikati ya silaha mbili, ambapo nguruwe lazima wapite, unafukia mabomu mawili ubavu kwa ubavu. Kundi zima linaondoka kwa sekunde moja. Washambuliaji nao wakajifunza kusoma nafasi tupu kwenye kijiji kuliko kusoma majengo, na kutuma nguruwe mmoja au wawili mbele kulipua mtego kwanza.

Wa juu nao wakapata LavaLoon. Lava Hound anakwenda kwenye mitambo ya kulinda anga na kunyonya makombora, maputo yanafuata nyuma polepole yakidondosha mabomu. Lakini kabla ya hapo unatuma kikosi kidogo cha ardhini, kazi yake ni kuua Malkia wa adui na wale wageni waliofichwa kwenye ngome ya klani. Mwaka 2015 walinzi wakapewa lile feni linalosukuma maputo nyuma, na mwaka huo huo washambuliaji wakapewa dawa ya kuongeza mbio. Mkono kwa mkono, hivyo hivyo.

Malkia anatembea

Desemba 2015 ikaja TH11 na ule mzinga wa Tai. Mzinga huo unalala mpaka mshambuliaji ashushe sehemu kubwa ya jeshi lake, kisha unaamka na kupiga popote kijijini. GoWiPe, inayomwaga karibu kila kitu dakika ya kwanza, ikaanza kuumia.

Mbinu iliyonufaika ni ile ya subira. Unamshusha Malkia peke yake pembeni, waganga wanne au watano wanamfuata angani wakimtibu. Yeye anapiga mishale akiwa mbali, jengo moja baada ya jingine. Dakika nzima inapita na Tai bado amelala, kwa sababu umeshusha watu wachache tu. Anakula kona ya kijiji, anamuua Malkia mwenzake, anatoa wageni wa ngome, na huku anakufungulia mlango. Kisha ndipo jeshi lenyewe linaingia.

Ngumu? Sana. Akigeuka njia mbaya, umemaliza dakika mbili kumtazama akivunja kuta. Lakini mbinu hiyo haikufa. Wachimbaji, wale wanaopita chini ya ardhi, walikuja 2016, na baadaye watu wakawachanganya na wapanda nguruwe: Malkia anafungua, wachimbaji na nguruwe wanafagia. Nikitaka kumpima mtu kama anajua kushambulia, mpaka leo namwomba anionyeshe hilo moja.

Mengine napita haraka. Juni 2018, TH12 ilileta mashine za vita na majoka ya umeme, na kwa mara ya kwanza jumba kuu lenyewe likawa na silaha. Oktoba 2019, fainali za kwanza za dunia zilichezwa Hamburg, Ujerumani, zawadi ya jumla dola milioni 1, na Nova Esports ya China ikachukua kombe. Mwaka 2020 wakaja wapiganaji wa ngazi ya juu. Desemba 2023, TH16 na wale wanaopita kwenye kuta kama hazipo.

Bei ilipoondoka

Badiliko kubwa kuliko yote halikuwa mpiganaji. Juni 2022 Supercell iliondoa gharama ya eliksa ya kutengeneza jeshi. Machi 2025 ikaondoa na muda wa kusubiri. Yaani sasa unashambulia, unashindwa, unashambulia tena hapo hapo.

Wazee wa gemu walilia. Ati siku hizi hakuna ujuzi, kila mtu ananakili linki, zamani tulikuwa tunafikiri kwa sababu jeshi lilikuwa ghali. Mimi nakataa. Zamani tulitumia Barch miezi na miezi kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kujaribu kitu kingine. Huo si ujuzi, ni ufukara. Aliyeweza kujifunza majoka vizuri ni yule aliyekuwa na pesa za kununua vito na kumaliza foleni. Sasa mtoto mwenye simu ya kuazima na bando la saa moja anaweza kujaribu mbinu moja mara tano ndani ya saa hiyo hiyo.

Kile ninachokubali ni kwamba linki inakupa jeshi bila sababu zake. Na hapa nataka kusema jambo lililotokea kwenye klani ninayochezea, kwa sababu limenikera na najua haliko kwetu tu.

Tulikuwa na kijana wa kidato cha tatu. Anacheza wikendi na likizo tu, kwa simu ya mamake. Vita viwili mfululizo alinakili jeshi la Malkia na wachimbaji kutoka video, akaleta nyota moja moja. Tukapoteza vita cha pili kwa nyota moja. Kwenye kundi la WhatsApp maneno yakawa mengi, ya kuumiza, na kiongozi akamtoa usiku huo huo bila kumwuliza chochote.

Nilitazama marudio ya mashambulizi yake. Jeshi lilikuwa sawa kabisa. Malkia alimweka upande wa kulia kwa sababu kwenye video aliwekwa kulia. Lakini kwenye video, kulia ndiko Malkia wa adui alikokuwa. Kwenye kijiji chake alikuwa kushoto. Basi. Kosa ni hilo moja tu, na lingerekebishwa kwa sentensi moja. Nilimwandikia kumweleza. Akajibu, "Hakuna mtu alikuwa ameniambia tunaangalia hiyo." Tumekuwa naye miezi saba!

Hajarudi. Nimemwambia kiongozi wetu ana kwa ana kwamba alikosea, na naliandika hapa pia. Sisi wakongwe hatukuzaliwa tukijua kufungua mlango. Kuna mtu alitazama marudio yetu akatuambia, "Ona, hapa P.E.K.K.A. amezunguka." Historia yote niliyoandika hapo juu, kuanzia kutawanya wapiga mishale mpaka kumtembeza Malkia, ilipita mdomo kwa mdomo hivyo hivyo. Supercell walitupa wapiganaji, mbinu tulipeana.

Shambulizi ni dakika tatu. Kama huna dakika tatu za kutazama marudio ya mtu kabla hujamfukuza, usijiite kiongozi wa klani.

Na wewe unayetaka linki, sijakukataza kunakili. Nakili. Lakini kabla hujashusha mpiganaji wa kwanza, jiulize manne: Malkia wa adui yuko wapi? Wageni wa ngome nitawatoaje? Mabomu yanaweza kufichwa nafasi gani? Mlango naufungua upande gani? Ukiwa na majibu, hata jeshi la zamani litakubeba. Ukiwa huna, hata la jana halitakusaidia.

Kwa hivyo wiki hii usiniulize jeshi. Nitumie picha ya kijiji unachotaka kuvunja, na uniambie wewe ungeanzia wapi. Tutaongea kutoka hapo.