Mjusi wa Miiba na Watu Waliomfukua



Hapa kwetu Morogoro ukitaja Mzinga, kila mtu hushika lake. Mzee wa Uluguru mwenye nyuki atafikiri gogo lililotundikwa mtini. Mwingine atafikiri silaha inayonguruma, kwani lipo hapa Shirika la Mzinga la jeshi letu. Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, yupo mnyama anayezaliwa na silaha mwilini?" Nikamtajia nyuki, nikamtajia nungunungu. Kisha nikamkumbuka mmoja wa hapa hapa nchini, ambaye wengi wetu hatumjui.

Wataalamu humwita Kentrosaurus, yaani mjusi wa miiba. Aliishi kusini, Tendaguru katika mkoa wa Lindi, yapata miaka milioni 152 iliyopita. Hakuwa jitu. Urefu wake ulikuwa kama meta nne na nusu, kichwa kidogo, chakula chake majani. Lakini shingoni na mgongoni alivaa vibamba vya mfupa viwili viwili, na kadiri unavyoelekea kiunoni vibamba viligeuka miiba, hadi ncha ya mkia. Utafiti uliofanywa karne hii unaonyesha kuwa mkia ule aliweza kuuzungusha upande hadi upande kwa kasi ya kumtoboa adui. Mnyama mla nyama aliyemwendea kwa nyuma alijitakia mwenyewe.

Sasa, tumejuaje haya? Mwaka 1906 Mjerumani Bernhard Sattler, mhandisi wa madini, aliiona mifupa mikubwa pale Tendaguru. Tukumbuke mwaka huo. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinawaka, na kusini kulikuwa na njaa na makaburi. Mwaka 1909 wakaja wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig kutoka Berlin, na uchimbaji ukaendelea hadi 1913. Mifupa ya mjusi wetu ilipatikana kwa wingi katika machimbo ya Kindope, zaidi ya vipande 1,200 kwa jumla, na Hennig akampa jina mwaka 1915.

Wazungu waliokuwapo walikuwa wachache. Wafukuaji walikuwa watu wetu, na kuna wakati walifikia kama 500. Mifupa ilifungwa ikabebwa kichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, kisha ikapakiwa melini. Uzito wa mzigo wote, pamoja na mijusi mingine, ulikuwa zaidi ya tani 200. Hebu hesabu vichwa! Msimamizi mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na wageni wenyewe walikiri ustadi wake.

Nisimulie kidogo ya Kanada. Mwaka 2011 mfanyakazi wa mgodi katika jimbo la Alberta aliligonga kwa mashine yake jiwe lisilo la kawaida. Ndani yake alikuwamo mjusi mwingine mwenye deraya, ngozi na magamba yake mahali pake, kama aliyelala jana. Fundi wa makumbusho, Mark Mitchell, alitumia saa kama 7,000 kumtoa kwenye mwamba. Mjusi alipotangazwa mwaka 2017 aliitwa Borealopelta markmitchelli. Jina la fundi likaingia papo hapo.

Kwetu ilichukua muda. Boheti alisubiri hadi 2007, mjusi mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya kabila la Wamwera na ya Mohammadi Keranje aliyesimamia shimo lake. Wote wawili walikuwa wamekwisha kwenda zao. Mjusi wa miiba mwenyewe hana jina la mfukuaji hata mmoja.

Mifupa yake iliyosalia iko Ujerumani, sehemu kubwa Berlin. Mingine iliangamia katika Vita Kuu ya Pili. Suala la kurudisha mifupa ya Tendaguru limewahi kufika Bungeni, na wapo wanaosema hatuna pa kuiweka. Mimi naona hoja hiyo inatuaibisha sisi kuliko inavyowatetea walioichukua. Jengo hujengwa. Na majina ya wapagazi hayahitaji jengo, yanahitaji mtu wa kuyatafuta katika makaratasi ya zamani kabla panya hawajamtangulia.

Mjukuu wangu amemchora mjusi huyo kwenye daftari. Mkia umekuwa mrefu mno, ukavuka ukurasa. Juu yake ameandika: Boheti bin Amrani.